Mkeka ni Ukili

Asalaam aleikum, mama zangu, baba zangu na vijana.

Anayenunua mkeka hutazama rangi kwanza. Leo nawaomba mtazame kingo. Mkeka wa ukindu, yaani majani ya mkindu, huu wa Pemba, Unguja na Lamu, hauna mtande, zile nyuzi za urefu, kama kikoi. Husukwa ukili, yaani utepe mrefu, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu. Ukili ukienda upande, hakuna rangi itakayouficha.

Ukindu mzuri ni wa kuti changa la katikati, kabla halijafunguka. Msiufyeke moyo wote. Mkindu ukikosa makuti machanga hudhoofika, na mwakani mtakosa kazi. Jihadharini na miiba ya chini ya kuti. Anikeni juani mpaka kijani kiishe na ukindu uwe mweupe. Miyaa, yaani majani ya mkoma, nayo ni migumu zaidi, basi iacheni kwa majamvi na vikapu.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe: kuchana. Tazameni chane hizi, yaani vipande vyembamba vya ukindu, mkononi mwangu. Hii ina milimita 5 toka mwanzo hadi mwisho. Hii nyingine imeanza na 5 ikaishia 3. Mkizisuka pamoja, upande wa chane nyembamba utavutika na ukili utapinda kama mundu. Wengi humlaumu msukaji, kumbe kosa ni la kisu.

Chane za rangi zichemke ndani ya maji ya rangi, kisha zisuuzwe hadi maji yatoke safi, zianikwe kivulini. Sugueni moja kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikishika rangi, kanzu ya mgeni nayo itashika.

Kusuka kunataka unyevu, si maji. Chane kavu hukatika penye mkunjo. Zilizolowa hunywea zikikauka, na ukili unabaki na matundu. Zifungeni ndani ya kitambaa kibichi, mchomoe chache chache. Mnapounga, chane mpya ilazeni juu ya ile inayoisha, na viungo visikutane mahali pamoja, maana pale patavimba, kisha patakatika.

Sasa hesabu, kwa sababu watu hulalamikia bei. Chane 17 za milimita 5 zikienda mshazari hutoa ukili wa karibu sentimita 6. Kwenye kushona kingo zinapandana nusu sentimita. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2 unataka vipande 22, yaani mita 44 za ukili. Na kwa kuwa chane huenda mshazari, kila mita ya ukili hula takribani mita 24 za chane. Zidisheni: ni zaidi ya kilomita moja ya chane zilizopita vidoleni mwa mtu, moja moja! Naona uchungu mkeka huo ukipimwa bei na ule wa plastiki.

Kushona ni kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka, na uzi wa ukindu, sindano ikipita kwenye mikunjo ya ukingo, isitoboe katikati ya chane. Msivute kwa nguvu. Uzi ukibana, mkeka unainuka katikati na haulali chini tena. Ukishakamilika, uviringisheni, msiukunje.

Chane ziko kwenye kitambaa kibichi hapo mezani. Anayeanza achukue 5 tu, mpaka kingo zake zinyooke.