Bunduki Mia Tatu za Lugalo

ATUPELE: Kamwene, wasikilizaji wetu. Nimeanza na Kihehe makusudi ili kaka Josefu asininunie, maana leo tunaongelea kwao.

JOSEFU: Kamwene, dada Atu. Lafudhi bado ya Tukuyu, lakini tumepokea.

ATUPELE: Sisi wa Mbeya Iringa tunaijua kwa dirisha la basi. Unashuka Ipogolo, unanunua mahindi ya kuchoma, unaendelea na safari. Kumbe kilomita 15 hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Ruaha, kuna Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga.

JOSEFU: Na tuseme ukweli mapema, msikilizaji asije akafunga safari kwa matumaini mengine. Kama umewahi kuona picha za makumbusho ya silaha ya Royal Armouries kule Leeds, Uingereza, kuta nzima zimepangwa bunduki, Kalenga hutakuta hivyo. Ni nyumba ndogo. Kuna mikuki, ngao, rungu, bunduki, na fuvu la Chifu Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwenye sanduku la kioo. Nje kuna makaburi ya ukoo, yumo na Adam Sapi Mkwawa aliyekuwa Spika wa Bunge.

ATUPELE: Mimi udogo wake niliupenda. Kwenye kumbi kubwa, ukishapita bunduki ya hamsini, zote zinakuwa mbao na chuma tu. Hapa unasimama mbele ya moja na swali linakujia lenyewe: hizi zilizotekwa Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani, zilifanya kazi gani?

JOSEFU: Hilo ndilo swali lililotukalisha hapa. Tuanze na tarehe. 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye watu walimwita Nyundo, anaingia Uhehe na askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Wanatembea kwa msururu mrefu, mmoja nyuma ya mwenzake, kwenye vichaka. Wahehe wamelala kwenye nyasi wanasubiri mlio wa bunduki ndiyo wainuke. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja wa Kijerumani alimwona ndege, akamlenga, akafyatua.

ATUPELE: Jamani. Ametoa ishara yeye mwenyewe!

JOSEFU: Wahehe wakaona tayari. Kazi ikaisha kwa muda mfupi sana, Nyundo mwenyewe akafa palepale. Waliopona wengi walikuwa wa kikosi cha nyuma na Luteni Tettenborn.

ATUPELE: Sasa hapo wengi hudhani ni miujiza, mkuki kushinda bunduki. Hebu waeleze ile bunduki.

JOSEFU: Mauser ya mwaka 1871. Risasi milimita 11, nene kama kidole. Inaingia moja tu. Unafungua komeo, ganda linatoka, unatia nyingine, unafunga, unalenga. Mtu aliyezoea, akiwa ametulia na adui yuko mita 300, anaua vizuri sana. Adui akiinuka hatua 30 kutoka ulipo, tena pande zote, una risasi moja, labda mbili. Baada ya hapo umeshika gongo, mwenzako ana mkuki.

ATUPELE: Umbali ndio uliowamaliza.

JOSEFU: Umbali na msururu, ndiyo. Baada ya vita Mkwawa anaokota bunduki takriban 300 na mizinga. Kwa wakati ule hiyo ni hazina. Halafu tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wanarudi, gavana von Schele na Tom von Prince, na Kalenga yenye ukuta wake inaanguka. Miaka mitatu tu! Bunduki walikuwa nazo. Kwa nini?

ATUPELE: Mimi nilidhani ni mafunzo, kwamba mizinga hawakuijua.

JOSEFU: Hilo lipo, silikatai. Lakini kuna jambo watu hawalitazami, nalo ni chakula cha bunduki. Wewe umekulia kijijini, gobore unalijua.

ATUPELE: Nalijua sana. Babu wa jirani alikuwa nalo la kufukuzia ngedere. Anamimina baruti mdomoni, anasokomeza tambi za kitambaa, anashindilia na mdeki, kisha vipande vya chuma, anashindilia tena. Sisi watoto tumeziba masikio muda wote huo na bado hajamaliza!

JOSEFU: Umeona? Gobore linakula chochote. Baruti unaweza kuipata kwa wachuuzi wa pwani, vyuma unakata kwa mhunzi hapohapo. Ile Mauser inataka ganda la shaba lililotengenezwa kiwandani, lenye fataki yake kitakoni na kipimo chake kamili. Hakuna mhunzi wa Uhehe wa kulitengeneza, na anayeliuza ni yuleyule adui yako. Gobore ni jiko la kuni, Mauser ni jiko la gesi. Mtungi ukiisha, unabaki na chuma kizuri jikoni.

ATUPELE: Kwa hiyo kila risasi waliyopiga kujifunza kulenga, ndiyo hiyo imepungua kwenye akiba.

JOSEFU: Hapo ndipo kuna mtego. Ukifanya mazoezi unaishiwa, usipofanya hujui kulenga. Ndiyo maana mimi simlaumu mtu aliyerudi kwenye mkuki wake. Na hata baada ya Kalenga, Mkwawa aliwasumbua karibu miaka minne porini, mpaka Julai 1898 kule Mlambalasi alipojipiga risasi wasimkamate akiwa hai.

ATUPELE: Fuvu likapelekwa Ujerumani. Likaingia mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, eti lirudishwe ndani ya miezi sita. Likarudi 1954! Gavana Twining alikwenda mwenyewe Bremen, akachagua kati ya mafuvu kibao kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya ukoo na tundu la risasi. Mimi hapo nina maneno yangu, ila leo ni siku ya bunduki.

JOSEFU: Ya fuvu tutayapangia siku yake. Sasa sikia kinachonichekesha. Vita vya kwanza vya dunia, 1914, Wajerumani wa hapa wamezingirwa baharini. Kombania zao nyingi za askari bado zina Mauser ileile ya 1871, yenye baruti ya moshi. Ukipiga, wingu jeupe linapanda, adui anajua ulipojificha. Na maganda hayaji kutoka kwao isipokuwa kwa meli ya kuiba njia. Wako palepale alipokuwa Mkwawa.

ATUPELE: Wakafanyaje?

JOSEFU: Alichofanya Mkwawa: kuteka. Tanga mwaka 1914 walijizolea bunduki za Waingereza. Ngomano, kule Msumbiji, Novemba 1917, wakawavua Wareno. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, anasalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, 25 Novemba 1918, bombomu zake ni 37, za Kijerumani 7 tu. Bunduki za askari ni za Kiingereza na Kireno.

ATUPELE: Ningekuwa mimi mhifadhi pale Kalenga, kando ya kila bunduki ningeweka risasi yake na kibao kidogo: ilitengenezwa wapi, ilifikaje, nani aliiuza. Hapo mtoto wa shule anaelewa vita nzima.

JOSEFU: Na Lugalo kwenyewe, upande wa barabara ya Morogoro, kuna mnara wa Wajerumani waliokufa. Unganisheni siku hiyohiyo.

ATUPELE: Halafu mje kwetu Masoko, Rungwe. Boma la Kijerumani liko ukingoni mwa ziwa, ndiko kombania ya tano ya Wajerumani ilikoondoka kwenda kushambulia Waingereza Karonga, Malawi ya leo, Septemba 1914. Na bunduki walizitupa ziwani walipokimbia, kila mtu anajua.

JOSEFU: Dada Atu, watu wenye njaa ya bunduki kiasi hicho wazitupe ziwani? Labda mbovu.

ATUPELE: Hayo usije ukamwambia bibi yangu. Utalala njaa.