Kabla ya Kutoboa Mfupa, Kaa na Mgonjwa

(Mhadhara kwa maafisa wa kliniki na wauguzi, Kisumu)

Wenzangu, majibu ya maabara yakionyesha hemoglobini chini, seli nyeupe chini na chembe za kugandisha damu chini, tunajua uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, huenda umegoma. Sampuli ya uboho ikija na mafuta mahali pa seli, tutaandika anemia ya aplastiki. Lakini kilichougomesha hakimo kwenye karatasi hizo. Kwa wengi chanzo hakitapatikana hata tuulize vipi. Kikiwepo tukakiacha, mgonjwa atarudi nyumbani kukitumia tena.

Tumezoea kuuliza, "Unatumia dawa yoyote?" Atajibu hapana, na hadanganyi: dawa aliyomaliza miezi miwili iliyopita haitumii tena. Uliza hivi: "Mama, tangu mwaka jana umeenda kemisti kwa shida gani? Ulipewa vidonge au sindano?" Jamaa yake alete pakiti zilizobaki, hata tupu. Humo ndimo utakuta kloramfenikoli ya taifodi, kabamazepini ya kifafa, dawa za salfa. Kloramfenikoli inaweza kuangusha uboho wiki au miezi baada ya dozi kwisha, ndiyo maana nang'ang'ania turudi nyuma angalau miezi sita. Dawa za kienyeji nazo ziulizwe bila kumkaripia mtu, la sivyo atazificha.

Kazi yake je? Tafadhali msiandike "jua kali" mkaridhika. Pale Kibuye ninayemhofia zaidi ni fundi anayenawa mikono kwa petroli kila jioni, kwa sababu ya benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli inayodhuru uboho. Mkulima asimulie nani huchanganya dawa ya kunyunyizia mimea.

Uliza kama macho yaligeuka manjano miezi michache iliyopita, dalili ya homa ya ini, na kama mkojo wa asubuhi huwa mweusi, dalili ya seli nyekundu kupasuka. Uliza mimba: mgonjwa wa anemia hii aliyeelezwa na daktari Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1888 alikuwa mjamzito. Mtoto mfupi mwenye kidole gumba chenye kasoro, fikirieni anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoangusha uboho, na muulize kuhusu ndugu zake.

Bandama ikiwa kubwa, simama kwanza: anemia ya aplastiki kwa kawaida haiivimbishi, tafuta ugonjwa mwingine. Anayetoka Baringo au Pokot Magharibi anaweza kuwa na kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi. Virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na upungufu wa vitamini B12 pia huiga ugonjwa huu.

Mwisho, ameongezewa damu mara ngapi, na ya nani? Damu ya ndugu wa tumbo moja tuiepuke, maana huyo ndiye anayeweza kuja kumpa uboho, na mwili uliokwisha kupokea damu yake unaweza kuukataa.