Ardhi ya Juu Isiuzwe: Vanga na Miaka 30 Ijayo

OTIENO: Karibuni kipindini. Mimi ni Otieno, niko na dada yangu Mwanaisha, na tunawafikia kutoka Nairobi. Leo tunateremka hadi Vanga, kusini kabisa mwa Kwale, mpakani na Tanzania. Mji mdogo wa wavuvi. Swali letu ni hili: mji wa namna hii unapangiwaje miaka 30 ijayo?

MWANAISHA: Ahsante, Otieno. Nisizunguke mbuyu. Kabla ya lami, kabla ya jeti, kabla ya taa za barabarani, kaunti itafute ardhi iliyoinuka nyuma ya mji, iisajili kuwa ya umma, na isiuzwe. Hayo mengine yatafuata.

OTIENO: Lakini mwananchi ukimuuliza atakuambia anataka barabara na zahanati.

MWANAISHA: Na ana haki. Ila zahanati utaijenga wapi? Vanga ina bahari mbele, mikoko kila upande, na mto Umba jirani. Bamvua likiingia, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupanda sana. Sasa masika yakikutana na bamvua, mto unashindwa kumwaga maji baharini, yanarudi kwa watu. Ingia nyumba za karibu na maji uangalie kuta. Rangi imebambuka hadi usawa wa goti na chumvi imetoka kwenye plasta. Mlangoni mtu amejenga kizingiti cha saruji, mwaka uliofuata akakiongeza. Na linaloniumiza zaidi ni vyoo vya shimo. Maji yakijaa mle ndani, kilichomo kinatoka, na kisima kiko hatua chache tu kutoka hapo. Watoto wanaugua kuhara, halafu tunasema ni bahati mbaya.

OTIENO: Na bahari yenyewe haikai pale pale. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi lilieleza mwaka 2021 kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kufikia 2100, hata dunia ikipunguza hewa chafu kwa kasi kubwa, makadirio ni sentimita 28 hadi 55 juu ya ulivyokuwa miaka ya 1995 hadi 2014. Tusipopunguza, inakaribia mita moja.

MWANAISHA: Mita moja, kwenye mji ambao tayari unaingiwa na maji! Mtoto anayezaliwa Vanga leo anaweza kuiona hiyo 2100. Ndiyo maana nakataa mpango unaoishia kwenye uchaguzi ujao.

OTIENO: Hapo tusimame kidogo. Kwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012, mpango jumuishi wa maendeleo ni wa miaka 5, na ule wa matumizi ya ardhi wa kaunti ni wa miaka 10. Hakuna anayekatazwa kutazama mbele zaidi, lakini pesa hufuata ile mitano.

MWANAISHA: Na hufuata wenye sauti. Kwa sheria ya miji ya 2011, eneo linatakiwa kuwa na wakazi 10,000 angalau ndipo litangazwe kuwa mji. Chini ya hapo huna kamati ya mji. Mambo yako yanaamuliwa makao makuu ya kaunti, na wewe ni jina moja kati ya mengi.

OTIENO: Kuna watakaosema dawa ni ukuta wa bahari.

MWANAISHA: Penye nyumba tayari, ukuta unaweza kuwapa watu muda, siukatai. Lakini ukuta wa kweli wa Vanga ni mikoko. Inavunja nguvu ya mawimbi, inashika tope, na samaki wadogo wanakulia humo. Bahari ikipanda, mikoko nayo huhama. Miche inaanza kuota upande wa bara. Ikikuta kiwanja kimezungushiwa ukuta wa mawe, haina pa kwenda, inakufa maji. Kwa hiyo ile ardhi ya nyuma ninayoisema ni ya watu na mikoko pia. Sehemu ya chini iachiwe mikoko, ya juu iachiwe watu.

OTIENO: Na mikoko hiyo imeanza kuwalipa. Gazi, hapo hapo Kwale, wanakijiji wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kwenye hekta 117. Mapato yamesaidia mambo ya maji na shule. Vanga na jirani zake Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa mradi wao wa hekta 460.

MWANAISHA: Umeona? Wale watu walishakaa chini wakapanga mambo ya miaka 20, wenyewe. Tusiwaambie hawajui kupanga.

OTIENO: Sisi Wanairobi ndio hatuna la kuwafunza. Nairobi ilipata mpango mkuu mwaka 1948, ukapata mwingine 1973 uliotazama hadi 2000. Kingo za mito tulizijenga hata hivyo. Mwaka 2024 mafuriko yalipowapiga watu wa Mathare, serikali ikatoa amri ya kuhama mita 30 kutoka mtoni, na nyumba zikabomolewa. Watu wanahamishwa kwenye matope, hawana pa kwenda, maana hakuna aliyewawekea mahali.

MWANAISHA: Hicho ndicho ninachokiogopea Vanga. Na Nairobi inahusika moja kwa moja, kwa sababu wanunuzi wa viwanja vya pwani wengi wanatoka hapa. Dalali anapiga simu, picha ya mnazi na maji ya buluu, malipo kidogo kidogo. Ile ardhi iliyoinuka ndiyo ya kwanza kuondoka, maana ina mandhari.

OTIENO: Anayeuza ni nani lakini? Maana hati huko pwani ni kizungumkuti.

MWANAISHA: Tangu 1908, kaka yangu. Wakoloni walileta sheria ya kusajili ardhi kwenye ukanda uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aliyejua habari na mwenye uwezo akaleta madai. Ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali, hata kama kuna babu yako amezikwa pale. Hapo ndipo mtu wa Mwambao akaitwa skwota kwao. Halafu kuna jamii ya Wapemba, walioishi pwani yetu vizazi na vizazi, wakatambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023 tu. Bila kitambulisho, hati ungeipata wapi? Mpango ukichora viwanja kabla ya kulitatua hilo, unahalalisha dhuluma kwa rangi nzuri.

OTIENO: Tuje kwenye mikutano ya maoni ya wananchi. Sheria inaidai.

MWANAISHA: Inaidai, na inafanyika saa nne asubuhi, siku maji yanafaa kwenda bahari. Wavuvi hawapo. Nani amejaza viti? Waliozoea mikutano. Fanyeni wakati wa upepo mkali wa kusi, ambapo vyombo vingi vimepumzika. Na muwaite mama karanga, kina mama wanaonunua samaki pale ufuoni na kuwakaanga. Nimeona soko la kisasa, sitalitaja, limejengwa mbali na diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, ghorofani, vigae vimeng'aa. Mama karanga atapandisha kuni na karai la mafuta ghorofani? Wamebaki chini, juani, na jengo limefungwa kufuli.

OTIENO: Na wavuvi wa dago je? Hawa wanaokuja msimu wa kaskazi, wanapiga kambi ufuoni miezi kadhaa, kisha wanarudi kwao.

MWANAISHA: Nilitaka uwataje. Kwenye ramani hawapo kabisa. Wanahitaji maji, choo, mahali pa kuanika nyavu. Usipowatengea, watakata mikoko wajenge vibanda, na lawama itakuwa yao. Mwenyeji anajua dago linakaa wapi kila mwaka, muulize.

OTIENO: Msikilizaji aliye Nairobi na kiwanja pwani, afanye nini?

MWANAISHA: Aende ofisi ya ardhi, atazame ramani ya upimaji. Kanuni za upimaji zinataka ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, utengwe ukanda wa mita 60 juu ya alama ya maji makuu. Kama kiwanja chake kimeula ukanda huo, ajue kina maswali. Amuulize mzee wa kijiji, si dalali, bamvua linafika wapi. Na kama kiko kwenye mwinuko ambao kijiji kitauhitaji, kaunti ikimwita kuzungumzia fidia au kubadilishana, aitikie.

OTIENO: Na wenyeji wa Lunga Lunga, eneo bunge lenye Vanga, wanaotusikiliza?

MWANAISHA: Kila kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Andikeni mapema, kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha. Tajeni mwinuko kwa jina lake la kienyeji, mseme unaanzia mti gani na kuishia wapi, mdai bajeti ya kuupima mwaka huu. Nakala mpelekeeni mwakilishi wa wadi, apige muhuri.