Ile peni nyekundu mpe mtoto

Salaam aleikum na habari za asubuhi walimu wenzangu, wakubwa shikamooni. Nimepewa nusu saa na projekta imekataa kuwaka, afadhali, manake nilikuwa na slaidi nyingi za bure tu. Mimi nafundisha Kiswahili Gredi 7 mpaka 9 shule moja ya huku Pwani, na darasa langu kubwa lina watoto 58, kwa hiyo kama kuna mtu hapo nyuma ashaanza kusema huyu anatuletea mambo ya shule za watoto 20, hapana ndugu yangu, shida zako nazijua, nalala nazo.

Nianze na kitu mmekisoma nyote kwenye insha za watoto. "Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, ndege walikuwa wakiimba kwa sauti nyororo, jua lilikuwa likitoa miale yake..." Eeh, mnacheka. Mnacheka kwa sababu mwajua kinachofuata. Atadamka bukrata, atapiga mswaki, atastaftahi kwa chai na mkate uliopakwa siagi, mtoto mwenyewe kwao asubuhi ni kiporo cha wali, kisha atokee mwizi, apigwe na butwaa, apige moyo konde, atimue mbio, halafu mwisho kumbe alikuwa akiota. Muhula mmoja nilihesabu insha 58, ndoto 19. Nikajiambia hawa watoto wangu wana usingizi.

Sasa simlaumu mtoto, na simlaumu mwalimu wake wa huko nyuma, manake mwalimu huyo ni mimi. Sote twajua KCPE, ule mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, ilivyokuwa, tangu 1985 mpaka ile ya mwisho 2023, insha dakika 40, alama 40, ukurasa mmoja na nusu. Mtoto wa dakika 40 hana nafasi ya kuandika kisha akarudi akatazama akabadilisha, kwa hiyo tulimfunza kuingia na maneno tayari mfukoni kama mtu anayekwenda safari na chakula chake. Mimi nilikuwa na chati ukutani imeandikwa MAPAMBO YA LUGHA, na kila methali mtoto akiitia, iwe ina maana iwe haina, nampa tiki. Gredi 7 ya mtaala mpya ikaanza 2023, mtihani ule ukaondoka, lakini nendeni madarasani mtazame, chati bado ziko ukutani.

Hebu niwaulize. Usiku wa kusahihisha nani hufanya kazi? Nakaa na daftari 58 na peni nyekundu, mtoto kaandika "vitabu yangu" mimi juu yake naandika "vyangu", kaandika "aliniangalia sana" mimi naandika "alinikodolea macho", saa sita usiku bado niko. Asubuhi nawarudishia. Mtoto anafungua, anatazama alama, anamchungulia jirani amepata ngapi, anafunga daftari. Basi. Insha ijayo, "vitabu yangu". Kwa miaka na miaka aliyekuwa akifanya mazoezi ya kurekebisha insha ni mimi, na kweli nimekuwa hodari, mkinipa mtihani wa insha wa Gredi 7 leo naupita vizuri kabisa.

Na hili si jambo jipya la kuzuliwa jana, kule Marekani kulikuwa na bwana anaitwa Donald Murray, mwandishi wa gazeti aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1954 kisha akaenda kufundisha chuo kikuu New Hampshire, na kufikia 1972 alikuwa akiwaambia walimu waziwazi kwamba tufundishe ile kazi ya kuandika inavyokwenda hatua kwa hatua, tuache kungoja kitu kilichokwisha tukihukumu. Miaka zaidi ya 50 hiyo.

Nitawaeleza insha moja tu, manake ndiyo iliyonifungua macho. Kichwa kilikuwa siku nisiyoisahau. Msichana mmoja, mkimya, yule wa dirishani, aliandika hivi, naikumbuka kwa sababu niliinakili: "Nilienda kusaga mahindi. Nilibeba ndoo. Jua lilikuwa kali sana. Nilijikwaa unga wote ukamwagika. Nilihuzunika sana mithili ya mfiwa. Mama alinikaripia vikali. Ama kweli asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Zamani ningempa tiki ya methali, tiki ya mithili, alama 22 kwa 40, tuendelee. Siku hiyo sijui ni nini, labda peni ilikuwa imeisha wino, nikamwita nikamuuliza mama alikukaripia kweli?

"Hapana ticha."

"Sasa mbona umeandika?"

"Manake kwenye insha mama hukaripia."

Jamani. Nikamwambia haya, mama alifanya nini hasa. Akasema mama alinyamaza, akachukua ule unga akaupepeta. Unga upi, si umesema wote ulimwagika? Akasema aliukusanya ule wa juu juu, wa chini ulioshikana na mchanga akawaachia kuku. Na usiku mlikula nini? Akacheka akaziba mdomo. "Ugali ticha. Kila mtu alikuwa atafuna polepole."

Nikamwambia nenda kaandike hivyohivyo. Akanitazama kama nimemwambia aje shule na kanga. Haya yanaruhusiwa kwenye insha? Hapo ndipo niliposhika kichwa, kwamba mtoto huyu maneno anayo na kisa anacho, ila tumemfunza kuviacha mlangoni pamoja na viatu.

Kesho yake akasoma rasimu ya pili mbele ya wenzake, akafika pale "mama akaupepeta", kijana mmoja nyuma akapaza sauti, unga haupepetwi! Mchele ndio hupepetwa, kwa ungo, makapi yaende na upepo, unga ukiupepeta utabaki na ungo mtupu. Darasa likaangua kicheko. Mwingine akasema ni kuchekecha. Mwingine akasema kwetu nyanya husema kuchunga unga, wakamzomea, kuchunga ni mbuzi wewe! Yule mtoto karibu alie, nikawaambia fungueni kamusi, wakafungua, na chunga iko, ya mifugo na ya unga, zote mbili. Yule wa nyanya alitembea kifua mbele wiki nzima. Dakika 10 watoto 58 wanagombania kitenzi kimoja, na mimi sikupanga lolote, andalio la somo lilikuwa linasema viambishi.

Msichana mwenyewe alichagua kuchekecha. Nikamuuliza kwa nini usiandike chunga nayo ni sahihi, akasema mtu ambaye si wa huku atadhani mama alikuwa anauchunga unga usitoroke. Mwaona hapo? Amemfikiria msomaji. Uteuzi wa maneno ninaousema mimi ni huo, sio neno zito, ni neno lenyewe.

Na maneno yenyewe watoto wanayo nyumbani. "Nilibeba ndoo", nikauliza uliibebaje, akasema kichwani, basi si alijitwika? Mtoto mchanga mgongoni tunamweleka, mapajani tunampakata. Kiswahili kimetupa kitenzi kwa kila mahali pa mwili, sisi tunaandika kubeba, kubeba, kubeba, halafu tunaongeza "sana" ili kinoge. Na kuanguka vilevile, kijana aliandika rafiki yake alianguka pu kisimani, wenzake wakamwambia pu ni chini, kisimani ni chubwi, mchangani ni tifu. Hayo hamkuwafundisha nyinyi wala mimi.

Neno zito nalo lina hatari zake. Nimesoma mwaka huu: "Nyanya yangu, mwenye siha na afya ya chuma, alikuwa amelazwa hospitalini akiwa hali mahututi." Sasa hilo nalo msahihishaji ukiwa na usingizi unaweka tiki.

Nilipiga marufuku neno "sana" wiki moja. Siku mbili za kwanza walibadilisha tu wakaweka "mno" na "kweli kweli", watoto ni wajanja. Ya tatu kijana mmoja aliyekuwa ameandika "mjomba wangu ni mrefu sana" akafuta akaandika "mjomba wangu akija kwetu huinama mlangoni". Nikamwambia simama usome tena. Akasoma. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Kuna mambo madogo nitayapita haraka. Mtoto akiwa na nili, nili, nili kila sentensi, mwonyeshe "ka" inavyobeba kisa, nilifungua mlango, nikaingia, nikamkuta, ni kama nyanya anavyosimulia, atashika siku moja. "Kitabu ambacho nilikinunua" mwambie akifupishe mwenyewe mpaka "nilichonunua". Na akiandika "tulikuwa na wakati mzuri" msimgombeze, hicho ni Kingereza kimevaa kanzu, muulize tu mlifanya nini, atakwambia tuliogelea mpaka vidole vikakunjana, na insha ndiyo hiyo.

Sasa namna ninavyofanya, manake najua mtaniuliza. Rasimu ya kwanza wanaruka mstari, andika mmoja acha mmoja, ili kuwe na pa kurekebishia. Hawararui karatasi, nataka kuona walichokata. Alama sitoi mpaka rasimu ya pili au ya tatu. Sisomi zote usiku mmoja, nasoma 12, na kila moja naandika swali moja tu pembeni, moja, nikiandika matano hajibu hata moja. Na ngeli, tahajia, herufi kubwa ni mwisho kabisa, siku ya mwisho, na peni nyekundu anashika mwenyewe, anajipigia mstari. Makosa bado yanabaki, sitawadanganya, ila "vitabu yangu" aliyoiona yeye kwa macho yake hairudi kwa wepesi kama ile niliyoiona mimi.

Yaliyonishinda pia niseme. Mwanzo niliwaambia msomeane wawili wawili kila mtu atoe maoni, nikapata maoni 58 yanayosema "nzuri sana". Sasa nimewapa maneno mawili tu, "hapa naona" na "hapa sioni". Jirani anasoma kwa sauti, mwenye insha anasikiliza, na lazima iwe kwa sauti, mtoto anaposikia sentensi yake ikimkwama mwenzake kooni hahitaji mwalimu amwambie imekuwa ndefu. Kelele ni nyingi, mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuchungulia, mzoee. Na mzazi mmoja alikuja na daftari mkononi amekasirika, mwalimu huu mwezi mzima mbona husahihishi, sioni nyekundu! Nikamwomba akae nikampa rasimu tatu za mwanawe azisome kwa mfuatano. Alisoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza hii kweli kaandika yeye au kuna mtu kamsaidia.

Methali sijazikataa, msiende mkasema hivyo. Yule msichana wa unga niliongea naye sana kuhusu ile ya asiyesikia la mkuu, nikamuuliza mkuu gani alikwambia usijikwae? Akaifuta mwenyewe. Akamaliza insha pale pale kwenye ugali, "Usiku kila mtu alitafuna polepole," hakuongeza kitu, na mimi peni ilikuwa mkononi na nikakosa pa kuiweka.

Haya, chai naambiwa iko njiani. Kabla haijafika, kwenye meza zenu kuna karatasi, ni insha ya mtoto nimeinakili kwa mkono wangu na jina nimeliondoa. Msiweke tiki wala iksi, mwalimu hapo mbele naona umeshatoa nyekundu, irudishe. Isomeni wawili wawili kwa sauti, mtafute mahali pamoja tu ambapo mngemuuliza swali, kisha muandike hilo swali kama vile mtoto mwenyewe amekaa hapo anawatazama.