Huko Chini Kuna Majina: Mhadhara wa Utangulizi Kuhusu Ujinsia, Utafiti na Maumbile ya Mwanamke

Wenzangu wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi wanafunzi mliotoka Ahero, Bondo, Vihiga na hapa hapa Kisumu, hamjambo.

Mama akiingia kliniki akasema "naumwa huko chini," bado hajakuambia kitu. Huko chini kuna kibofu, mrija wa mkojo, uke, mlango wa kizazi na njia ya haja kubwa, na kila kimoja kina maradhi yake na dawa yake. Ukiandika "maumivu ya tumbo la chini" na kumpa vidonge vya kuua bakteria aende navyo, umetibu aibu yako wewe, yeye hujamgusa. Kwa hivyo leo tutataja. Uke. Kisimi, ambacho wengine hukiita kinembe. Mashavu ya uke. Kinena. Mlango wa kizazi. Maneno haya yamo kwenye kamusi, hayakuokotwa vichochoroni. Na uke ni neno zito: ni njia anayopitia mtoto, na pia ni ile hali ya kuwa mke. Sijui ni kwa nini tulikubali litiwe aibu.

Wapo wanaosema kunyamaza ndiyo mila yetu. Si kweli. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya mzee aliyeitwa pim, ambako wasichana walilala na kufundishwa habari za mwili, wanaume na ndoa. Mafunzo hayo yalikuwa na kasoro, na mengine leo tungeyakataa. Lakini yalikuwa na mahali, wakati na mwalimu. Shule iliwatoa wasichana kwa nyanya, na kiti chake kikabaki wazi hadi leo.

Mtazamo wa jamii hauishii kwenye lugha. Unaamua pia nani ashukiwe na nini kipimwe, na mji huu umeonja jambo hilo. Ukimwi ulipopanda hapa kandokando ya ziwa, maelezo yaliyopatikana kwa urahisi yalikuwa tabia: watu wa huku hawatulii, basi. Mwaka 1997 na 1998 watafiti wakalinganisha miji minne, yaani Kisumu, Ndola ya Zambia, Yaoundé ya Kameruni na Cotonou ya Benini, wakahoji na kupima damu ya takriban wanaume 1,000 na wanawake 1,000 katika kila mji. Kisumu ilikuwa na virusi kwa karibu asilimia 20 ya wanaume na 30 ya wanawake. Cotonou ilikuwa na asilimia 3 na kitu kwa wote. Lau maneno ya sokoni yangekuwa sahihi, Kisumu ingeongoza kwa idadi ya wapenzi. Haikuongoza. Walioongoza ni Yaoundé, ambako maambukizi yalikuwa chini sana kuliko yetu. Kilichozitofautisha Kisumu na Ndola kwa pamoja na ile miji mingine miwili ni mambo ambayo macho ya jirani hayayaoni, hasa uchache wa tohara ya wanaume, na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri.

Hapo ndipo jaribio la tohara la Kisumu lilipopata uzito. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakatahiriwa mara moja, nusu wakasubiri. Kwa miaka 2, walioambukizwa walikuwa asilimia 2.1 ya waliotahiriwa na asilimia 4.2 ya waliosubiri. Jaribio lilisimamishwa mapema, Desemba 2006, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wale wengine. Lakini kumbukeni kilichopimwa: kinga ya mwanamume dhidi ya kuambukizwa na mwanamke, na kinga yenyewe ni nusu. Kijana anayetoka kutahiriwa akitupa kondomu amesoma ukurasa mmoja tu.

Sasa Bondo. Utafiti wa FEM-PrEP ulitaka kujua kama kidonge cha kila siku kingewakinga wanawake wasipate virusi, na Bondo ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ulisimamishwa mwaka 2011 kwa sababu kundi la dawa halikutofautiana na kundi la kidonge bandia. Wanawake waliulizwa, na asilimia 95 wakasema wanameza kila mara au karibu kila mara. Damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 walikuwa na dalili ya kumeza karibuni. Msiwaite waongo. Mtu anapoulizwa na mtu mwenye koti jeupe, anayempa nauli na kumtabasamia, hujibu kwa heshima. Kila takwimu ya tendo la ndoa inayotokana na maswali ya mdomo isomwe hivyo, ukijiuliza ni nani aliyeuliza, wapi, na aliyejibu alikuwa na nini cha kupoteza.

Alfred Kinsey, Mmarekani aliyeanza kazi kwa kuchunguza nyigu, alilielewa jambo hili kiasi. Hakuuliza "je, umewahi?" Aliuliza "mara ya kwanza ilikuwa lini?" ili anayetaka kukana ndiye ajitaabishe. Ripoti yake ya 1953 kuhusu ujinsia wa mwanamke ilitokana na wanawake 5,940. Kasoro yake ni sampuli. Walikuwa watu waliojitokeza au waliofikiwa kwa makundi, hawakuchaguliwa kwa nasibu, na wote walikuwa wazungu. Kwa hivyo ukisikia asilimia ya Kinsey ikitajwa redioni kama habari ya "wanawake" wote, punguza sauti.

Tuje kwenye mwili. Nitakaa sana kwenye kisimi, kwa sababu ndicho kiungo ambacho mtazamo wa jamii uliingia hadi kwenye kitabu cha anatomia ukafuta mchoro. Mjerumani Georg Ludwig Kobelt alikichora vizuri, ndani na nje, mwaka 1844. Mwaka 1905 Sigmund Freud, daktari wa nafsi wa huko Austria, akadai kwamba mwanamke aliyekomaa huhamisha raha yake kutoka kwenye kisimi hadi ukeni, dai lisilo na ushahidi wowote wa mwili. Vitabu vingi vya karne ya 20 vilibakiza kinundu kidogo tu au havikuandika lolote. Ni mwaka 1998 ndipo Helen O'Connell, daktari mpasuaji wa njia ya mkojo huko Melbourne, alipochapisha upasuaji makini wa maiti ulioonyesha kiungo kizima.

Kinachoonekana ni kichwa chake tu, chini ya kijikofia cha ngozi, na kwa wengi hakifiki sentimita 1. Nyuma ya kichwa kuna shina la sentimita 2 hadi 4 linalopinda kama kiwiko. Shina linagawanyika kuwa miguu miwili, kila mmoja sentimita 5 hadi 9, iliyoshikamana na mifupa ya kinena pande zote mbili. Katikati ya miguu hiyo, yakizunguka mrija wa mkojo na mlango wa uke, kuna mafungu mawili ya tishu ya sponji yanayojaa damu mwanamke anaposisimka. Ni tishu ileile inayosimamisha uume, kwa kuwa katika wiki za mwanzo za mimba sehemu za nje za mvulana na msichana hazitofautiani. Kuhusu neva, kwa miaka mingi ilisemwa kuna ncha 8,000. Hesabu hiyo ilitoka kwa ng'ombe! Mwaka 2022 watafiti wa Oregon walihesabu kwa binadamu wakapata zaidi ya 10,000.

Ukishaona mchoro huo, mambo mawili yanaeleweka. Moja, ni kwa nini wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake: kuta za ndani za uke zina neva chache za kugusa, na kiungo chenyewe kiko mbele na juu. Mwanamke huyo hana ugonjwa. Pili, ukeketaji. Anayekata kichwa cha kisimi huacha shina, miguu na yale mafungu ya sponji chini ya kovu. Kwa hivyo mama aliyekeketwa zamani asiambiwe "kwako kumekwisha". Wengi bado wana hisia, na kinachowasumbua mara nyingi ni kovu gumu, uvimbe uliojifungia chini ya kovu, au neva iliyokatika inayouma ikiguswa. Hayo huonekana ukitazama na yana tiba. Ukeketaji umepungua Kenya: uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, kutoka 21 mwaka 2014. Lakini upande wa Kisii umeingia kliniki, wembe ukabadilishwa kwa ganzi na glavu. Sheria ya 2011 inamtaja hata mwanafunzi anayejifunza udaktari au ukunga. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Nyinyi mlioko safu ya nyuma, hiyo ni yenu.

Kizinda nitakipita haraka kwa kuwa hakistahili muda kinaopewa. Ni mkunjo wa ngozi laini pembezoni mwa mlango wa uke, kwa kawaida hakifuniki njia, vinginevyo hedhi ingetokea wapi? Kina maumbo mengi, hunyumbulika, na hakuna daktari anayeweza kukitazama akajua kama msichana amelala na mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka upimaji wa bikira ukomeshwe. Mzazi akikuletea binti "umwangalie," hakuna cha kuangalia.

Uke una urefu wa takriban sentimita 7 hadi 10 ukiwa umetulia, kuta zikigusana, na hurefuka mwanamke akisisimka. Unyevu wa wakati huo, kwa sehemu kubwa, hautoki kwenye tezi. Ni maji ya damu yanayochujika kupitia kuta, kama jasho kwenye mtungi, jambo ambalo watafiti wa Marekani, Masters na Johnson, walilionyesha maabara katika miaka ya 1960. Damu isipojaa, maji hayachujiki, na msuguano unauma. Mama anayenyonyesha au aliyekoma hedhi hukauka kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka, hata kama anampenda mumewe kabisa. Mafuta ya kulainisha ya maji husaidia. Mafuta ya kujipaka hupasua kondomu ya mpira.

Asidi ya uke wenye afya ni pH 3.8 hadi 4.5, na inatunzwa na bakteria wazuri. Sabuni, dawa ya kuua vijidudu au maji ya ndimu yakiingizwa ndani huwaua hao, wabaya wanastawi, na hapo ndipo harufu ya samaki inapoanza. Mama akisikia harufu anaongeza sabuni. Mwambieni aoshe nje tu, kwa maji. Tiba ya kawaida ni metronidazoli, miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7.

Tezi mbili za Bartholin ziko mlangoni mwa uke; ukiutazama mlango huo kama uso wa saa, ziko kwenye namba 4 na namba 8. Nasema namba iliyoandikwa, si saa 10 na saa 2 kama tunavyosema sisi. Kuna mwanafunzi huwa anatafuta juu. Mfereji wake ukiziba, shavu moja huvimba.

Mwisho ni mikono yenu. Kuweka mpira wa mkojo: shika mashavu ya uke kwa vidole viwili, uyafungue na kuyavuta juu kidogo, na usiyaachilie hadi umalize. Ukishuka kutoka kwenye kisimi, tundu la kwanza ni la mkojo, la pili ni uke. Mrija wa mwanamke una takriban sentimita 4 tu. Ingiza sentimita 5 hadi 7 uone mkojo, kisha ongeza sentimita 3 hivi kabla ya kujaza puto lililo kwenye ncha ya mpira, usije ukalijaza ndani ya mrija. Mkojo usipotoka, pengine umeingia ukeni. Usiuchomoe. Uache hapo uwe alama, chukua mwingine safi, uingize kwenye tundu lililo juu yake.

Na spekulamu, kile chombo cha kufungulia uke ili kutazama ndani: omba ruhusa, ipashe kwa maji ya vuguvugu, iingize ikiwa imefungwa, ukielekeza chini kwenye mgongo wa mama kwa pembe ya kama digrii 45, kwa sababu uke hauendi wima, umelalia nyuma. Bonyeza ukuta wa nyuma. Ukibonyeza wa mbele, unaukandamiza mrija wa mkojo kwenye mfupa. Misuli ikikaza, simama, mwache apumue, umuulize kama muendelee. Akisema hapana, toa.