Usifiche Tumbo la Kuharisha: Mazungumzo na Abiria Stesheni ya Mwanza

Mwangaluka, ndugu abiria. Asanteni kwa kusogea na mizigo yenu. Najua treni ikiitwa hakuna atakayebaki kunisikiliza, kwa hiyo naanza na lile linaloniuma zaidi.

Mimi ni muuguzi. Zamani, kabla sijasomea kazi hii, nilipanda treni hapa kwenda Dar es Salaam, daraja la tatu. Mbele yangu alikaa mama na mtoto wa mwaka mmoja hivi. Tulipopita Shinyanga mtoto akaanza kuharisha. Mama akawa anafunga nepi kwenye mfuko, anausukuma chini ya benchi, anajifunika khanga, kimya. Aliogopa kushushwa njiani usiku. Tena akamnyima mtoto maji, akiamini kwamba akinywa ndipo ataharisha zaidi. Tunaingia Tabora, macho ya mtoto yamezama ndani, analia bila machozi. Walishushwa wakapelekwa hospitali. Sikupata kujua iliishaje, na kila nikipita Tabora nawakumbuka.

Simlaumu mama yule. Nani angependa behewa zima limgeukie? Lakini kuficha na kunyima maji ndiyo mambo mawili yanayoua.

Chukueni kipindupindu. Vijidudu vyake hutoka na kinyesi, vikaingia kwenye maji au chakula, vikamezwa na mwingine. Tangu kuvimeza hadi kuharisha huweza kupita saa chache tu, au hata siku 5. Safari yetu hii ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu anapanda hapa mzima, anazidiwa Morogoro. Na wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, ila kinyesi chao kinabeba vijidudu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usihangaike kumkagua jirani yako kwa macho, angalia mikono yako na maji yako.

Mabehewa ya zamani choo chake humwaga moja kwa moja relini. Ndiyo maana tunaombwa tusikitumie treni ikiwa imesimama stesheni. Wengi huona ni sheria ya kutusumbua. Fikirini wanaokanyaga pale: ni wale watoto wa Malampaka na Bukwimba wanaokimbilia dirishani na karanga, mayai na samaki wa kukaanga. Tunachomwaga kinaweza kurudi kwetu kwenye sahani, na wao kinawafikia kwanza.

Sisemi msinunue. Mimi nanunua, kwa sababu wale ni wanetu na wanatafuta ada. Nanunua kilicho moto, ndizi ninayoimenya mwenyewe, yai lililo na ganda lake. Kachumbari na tikiti lililokwisha katwa naliacha. Kabla ya kula nanawa kwa sabuni, sekunde 20, maji yakimiminwa. Beseni moja la kupokezana, wa kumi ananawa uchafu wa tisa waliomtangulia.

Maji ya ziwa, hata yakiwa meupe kama yametoka dukani, yachemsheni mpaka yatokote, au tieni dawa ya kutibu maji na kusubiri nusu saa. Chukueni dumu lenu kutoka nyumbani.

Sasa mtu akishaanza kuharisha, mpe maji ya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Pakiti moja huchanganywa na maji safi lita 1, na hapa ndipo tunapokosea. Chupa kubwa inayouzwa hapo nje ni ya lita moja na nusu. Ukimimina pakiti moja humo, dawa inakuwa nyepesi mno. Pima maji kwa chupa mbili za nusu lita, ndiyo lita 1 ya pakiti moja. Kama pakiti haipo, kwa lita 1 weka sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Onja kwanza: yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Maji hayo ya ORS yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

Kikohozi nakigusa tu. Umekohoa wiki mbili au zaidi? Kapime kifua kikuu kabla ya safari. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6 na watu wanapona. Ndani ya behewa fungueni madirisha, hata kama vumbi litaingia. Surua ni kali zaidi, virusi vyake huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na kinga yake ni chanjo.

Wanaoelekea Kagera wananiuliza sana kuhusu Marburg, ile homa kali ya virusi. Ililipuka kule mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025, na milipuko yote miwili ilitangazwa kwisha. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Na kichocho chetu cha ziwani hakipatikani kwa kukaa benchi moja na mgonjwa. Kinaingia kupitia ngozi, ukiwa ndani ya maji yenye konokono wanaokibeba. Msimpe mtu kisogo kwa hilo.

Naona mzee ameinua mkono. Anauliza: je, tumbo likinishika katikati ya pori?

Baba, mwambie mhudumu wa behewa saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Ataweza kuomba msaada uwe tayari stesheni ya mbele. Wakati huo unakunywa bilauri moja ya ORS kila baada ya kuhara. Nanyi mlio jirani naye, msihame wala msinong'one. Mmoja achanganye maji, mwingine amwage jiki palipochafuka, na mikono inawiwe. Pakiti ziko hapa mezani, ni za bure. Mama mwenye kikapu, njoo na chupa zako mbili ndogo, uchanganye wewe mwenyewe wenzako wakiona.