Waraka wa chini ya paa moja: barua za nyumbani kwa Charles Darwin

Mabibi na mabwana, wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Jioni ya leo ningependa kuwapeleka katika nyumba moja ya Uingereza, enzi ya Malkia Victoria, ambamo mume na mke waliokuwa wakionana kila siku na kula meza moja bado waliandikiana.

Charles Darwin, mwanasayansi wa viumbe, alimwoa binamu yake, Emma Wedgwood, tarehe 29 Januari 1839. Baba yake alikuwa amemshauri amfiche mke mashaka yake ya dini, lakini yeye alimweleza yote kabla ya ndoa. Muda mfupi baada ya harusi, Emma alishika kalamu akamwandikia mumewe, nao wote wawili wako London, nyumba moja. Alihofia kwamba mazoea ya kisayansi, ya kutoamini jambo hadi lithibitishwe, yangeivuta akili ya mumewe hata katika mambo yasiyothibitika kwa njia hiyo, naye angehuzunika mno kama angedhani kwamba hawatakuwa pamoja milele. Hakutaka jibu; kuandika tu kulimtuliza. Darwin aliitunza barua ile, na chini yake akaandika kwa mkono wake kwamba, akishakufa, Emma ajue ameibusu na kuililia mara nyingi.

Tarehe 5 Julai 1844, wakiwa sasa wamehamia kijiji cha Downe, Kent, ilikuwa zamu ya mume. Alikuwa amekamilisha rasimu ya nadharia yake kuhusu asili ya spishi, yaani aina za viumbe, yapata kurasa 230, akamwomba Emma kwa barua kwamba yeye akifa ghafla, zitengwe pauni 400 na atafutwe mtu wa kuihariri na kuichapisha. Hebu tulitazame jambo hili vizuri: kazi ile ile iliyomtia mke hofu ya kutengana na mumewe kesho ahera ndiyo aliyokabidhiwa ailinde, tena kwa waraka ulio wasia kamili.

Umbali wa kweli uliwapata mwaka 1851. Binti yao Annie, mwenye umri wa miaka 10, aliugua akapelekwa mji wa Malvern kwa tiba ya maji, naye Emma, aliyekuwa mjamzito wa miezi mingi, akalazimika kubaki Downe. Kando ya kitanda cha mtoto, Darwin alimwandikia mkewe siku baada ya siku, mara nyingine saa baada ya saa: ametapika, amemeza vijiko vya uji, mapigo ya moyo yako hivi. Mtu huyu wakati huo alikuwa katikati ya miaka minane ya kuchunguza viumbe vidogo vinavyoganda kwenye miamba ya bahari, na jicho lile lile la uchunguzi ndilo lililomwangalia mwanawe; ila hapa kila kipimo kilibeba matumaini ya baba. Annie alifariki adhuhuri ya tarehe 23 Aprili. Darwin alimwandikia Emma siku hiyo hiyo, kisha akarudi kwake bila kungoja mazishi. Wiki tatu hazijatimia, Emma akajifungua mtoto wa kiume, Horace.

Kisanduku cha Annie cha kuandikia, pamoja na kalamu zake za manyoya na karatasi zake, Emma alikihifadhi. Ndani yake aliweka kishungi cha nywele za binti yake.